Mkanda wa injini unalia? Acheni sabuni, tazameni tensheni

Masika yakianza tu, gereji hujaa gari zinazolia asubuhi, na kila mwenye gari anakuja na maneno yale yale: "Fundi, mkanda umekwisha, nimeshanunua mwengine, nifungie tu." Ukimuuliza huo uliomo aliufunga lini, anakwambia juzijuzi. Na kabla ya huo kulikuwa na mwengine. Katikati ameshapaka sabuni ya kipande, na wapo wanaopaka hata grisi. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, khasa kwa wenye zile Noah na RAV4 ambazo mkanda mmoja tu ndio unaozungusha altaneta (inayochaji betri), AC, pawa stelingi na pampu ya maji.

Mkanda haujikazi wenyewe. Unakazwa na tensheni, yaani mkono wenye springi na puli inayoegemea mgongo wa mkanda. Springi ikichoka, hata ufunge mkanda wa bei gani, utalia. (Wenye IST, nyinyi mkanda wenu unakazwa kwa kusogeza altaneta, hamna springi. Mengi ya haya hayakuhusuni.)

Sasa ninalolisikia kila siku, na ndilo linalonikera kuliko yote: "Nimeizungusha puli kwa mkono, inazunguka safi, kwa hiyo tensheni nzima." Jamani, kuzunguka kwa puli ni habari ya beringi, zile gololi za ndani yake. Beringi ikifa utaijua, inanguruma, na ukiizungusha bila ya mkanda unahisi mchanga ndani. Springi haisemi kitu. Inapungua nguvu kidogo kidogo, na mkanda unateleza pale tu mzigo unapozidi: asubuhi altaneta inairudishia betri chaji yake, AC umeshaiwasha, na hapo hapo unakata usukani mpaka mwisho utoke uwani. Au umepita kwenye maji ya mvua barabarani na mkanda umerowa. Dakika chache baadaye kelele zinakwisha, na wewe unasahau.

Ndiyo maana mkanda mpya unawadanganya watu. Mifereji yake bado haijalika, inashika puli hata kama springi ni dhaifu, kwa hiyo gari inanyamaza na fundi anasifiwa. Lakini bado unateleza kidogo kidogo, unapata moto, mpira unaanza kung'aa, na kelele zinarudi. Na msiniambie kwamba mkanda hauna nyufa. Mikanda ya mpira wa siku hizi haipasuki kama ile ya zamani. Inalika kama tairi, mifereji inazidi kina na upana huku kwa juu mkanda unaonekana mzima.

Kuipima tensheni, zima injini, tia spana, vuta mkono wa tensheni mpaka mkanda ulegee, kisha uachie taratibu huku umeushika. Mkono mzima unakukatalia kwa nguvu mwanzo mpaka mwisho, na unarudi bila ya kukwama. Uliochoka unakwenda kirahisi, au unakwama njiani na kukwaruza chuma kwa chuma. Kisha inama uitazame puli kwa ubavu. Bushi ya mkono (pale unapojizungushia) ikilika, puli inalala upande, na ukingo mmoja wa mkanda unatoka nyuzi.

Halafu washa injini uutazame mkono. Ukitikisika kidogo si neno, ukirukaruka kuna tatizo. Hapa pana shaka ambayo vitabu vinaipita haraka: kidogo ni kiasi gani? Tensheni nyengine zina alama ya mwisho wa safari ya mkono, lakini kurukaruka tunakupima kwa jicho, na mafundi wawili wazuri wanaweza kutofautiana mbele ya gari moja. Tena mtikisiko wenyewe unaweza kuwa hautoki kwenye tensheni. Baadhi ya altaneta zina puli yenye klachi ndani, na puli ya krenki, ile inayozungushwa na injini yenyewe, ina mpira katikati. Chochote katika hivyo kikifa, mkono wa tensheni unaruka ingawa wenyewe hauna kosa. Kwa hiyo mimi huvua mkanda nikakagua puli zote kabla sijamwambia mtu atoe pesa.

Maji yana kazi moja tu, nayo ni kupimia. Injini ikizunguka, kanzu na mitandio ikiwa mbali, nyunyiza kidogo upande wa mifereji. Kelele zikizima kisha zikarudi, puli hazikai mstari mmoja. Zikizidi, mkanda unateleza, na hapo tensheni ndiyo ya kwanza kushukiwa. Sabuni inanyamazisha tu, na grisi inauvimbisha mpira.

Kazi ya kubadilisha si ndefu. Piga picha njia ya mkanda kabla ya kuuvua. Penye shida ni boliti, kwa sababu hewa yetu ya Unguja ina chumvi, na boliti ya chuma ndani ya aluminiamu hugandana, khasa kwa gari zinazolala Nungwi au Paje. Tia mafuta ya kulegezea, uache mpaka kesho, usirefushe spana kwa bomba kwa hasira boliti ikakukatikia ndani. Na tensheni ya mtumba siinunui, springi yake inaweza kuwa na umri sawa na hiyo unayoitoa.

Mkanda ukiruka njiani, pampu ya maji nayo inasimama. Taa ya betri ikiwaka na usukani ukawa mzito kwa pamoja, weka pembeni uzime gari hapo hapo, hata kama uko katikati ya msitu wa Jozani.

Na ile hila ya kufunga mkanda mfupi ili kuficha springi iliyochoka, ikataeni. Mkanda ukiwa mfupi mno, mkono wa tensheni unafika mwisho wa safari yake na hauna tena pa kucheza, na mzigo wote unakwenda kwenye beringi za altaneta na pampu ya maji. Kabla hujalipa, mwambie fundi akuoneshe mkono umesimama wapi. Ukiwa umegota, auvue mkanda huo mbele yako.