Mitambo ya upepo: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Tangu utajwe mradi wa umeme wa upepo wa megawati 90 kule kijiji cha Baharini, barazani hapa Lamu hukosi mzee wa kukwambia kuwa mitambo ile huleta maradhi kwa mngurumo usiosikika. Simcheki. Anaogopea usingizi wa wajukuu zake.

Ni kweli mitambo hutoa mawimbi ya sauti ya chini ya hezi 20, ambayo sikio kwa kawaida haliyanasi. Lakini bahari ikipiga ufuo wa Shela hutoa mawimbi ya namna hiyo hiyo, na tumelala nayo tangu utotoni. Watafiti wa Finland waliwasikilizisha watu sauti hizo, wakiwemo waliokuwa wakidai zinawaumiza. Matokeo ya mwaka 2020: hawakuweza kuzitambua, wala miili yao haikuonyesha dhiki.

Dhana ya pili huletwa na wauza miradi, nayo ndiyo inayoniudhi zaidi: kwamba mitambo haina kelele. Inayo. Ncha za mapanga hukata hewa kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa, ukasikia shuu... shuu... shuu. Si kubwa, ila haikomi, na ule mpigo wake ndio unaokera. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2014, uliohoji watu zaidi ya 1,200, haukuona kelele hiyo ikileta ugonjwa wala kuharibu usingizi uliopimwa. Lakini kadiri ilivyozidi, ndivyo waliokerwa walivyoongezeka. Kukereka nako si jambo dogo kwa mtu aliye nyumbani kwake.

Tatu, wengine husema, "Mchana hatusikii kitu, usiku kutakuwaje?" Usiku ni mambo mengine. Upepo wa chini hulala, makuti ya minazi yakanyamaza, bodaboda zikatoweka. Huku juu, mita 80 hewani, upepo bado unavuma na mapanga yanazunguka. Sauti ile ile, hakuna tena cha kuifunika.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinajua hilo: nje ya nyumba za makazi kikomo cha sauti mchana ni desibeli 50, na kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni 35 tu. Basi mpimaji akifika kijijini saa nne asubuhi, upepo wa kusi ukivuma na makuti yakipiga kelele, mpeni chai, kisha mwambieni arudi saa nane usiku.