Kuchomoa waya wa betri si kipimo cha alterneta

Wenye magari ya zamani wengi wameirithi mbinu hii: washa injini, chomoa waya mmoja wa betri. Gari likiendelea kunguruma, alterneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme na kuijaza betri injini ikizunguka, ni nzima, likizima, imekufa.

Mbinu ina asili yake, kwani dainamo za kale, zilizofanya kazi hiyo kabla ya alterneta, hazikuwa na dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za kuungua. Alterneta inazo. Betri ndiyo inayoutuliza umeme wake. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka na kuunguza dayodi au regyuleta, yaani kidhibiti cha volti. Tena jibu lenyewe si la kutegemea: alterneta dhaifu yaweza kuendesha injini na bado isiijaze betri.

Mita ya volti inatosha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Injini ikizunguka, tarajia kama 13.8 hadi 14.4, na taa kubwa zikiwashwa isishuke sana. Ikibaki 12 na ushei, usikimbilie kununua alterneta. Kagua mkanda unaoizungusha, kutu kwenye vichwa vya betri, waya wa ethi (unaounganisha betri na bodi ya gari). Na balbu ya chaji kwenye dashibodi, ambayo wengi huidharau: katika magari mengi ya zamani ndiyo inayoiamsha alterneta, hivyo ikiungua, chaji huenda isianze kabisa.