Je, wajua kwa nini lava wa kereng'ende, yaani watoto wake waishio majini, hufanana kuliko wazazi wao?

Kereng'ende dume wa spishi mbili za karibu mara nyingi hujulikana kwa rangi ya tumbo, madoa ya mabawa, au umbo la vikoleo vya nyuma, vile anavyomkamatia jike kichwani au shingoni. Hizo ni alama za kupandana: zinawasaidia wa aina moja kupatana. Lava hana mchumba wa kumtafuta. Kazi yake huko majini ni kujificha, kula na kutoliwa, na jirani yake wa spishi nyingine ana kazi hiyohiyo. Basi wote hubaki na kahawia ileile ya tope.

Tofauti zipo, ila ni za kuhesabu. Kwanza tazama umri. Lava hujivua gamba mara nyingi kabla ya kutoka majini, na kila mara vinywele vyake huongezeka. Ukimpima mdogo kwa maelezo ya mkubwa, utampa jina la mwingine. Chukua wa hatua ya mwisho tu, ambaye vifuko vya mabawa vimefika karibu na pingili ya 4 ya tumbo. Ganda analoliacha kwenye jani akitoka majini ni zuri zaidi, kwa kuwa hatua yake haina ubishi.

Sehemu yenye siri nyingi ni mdomo wa chini, ule unaokunjwa chini ya kichwa na kufyatuka kunasa windo. Ganda kavu liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni mpaka lilainike, kisha uvute mdomo taratibu kwa sindano. Ukiwa bapa, uko katika familia kama Aeshnidae au Gomphidae. Ukiwa kama kijiko, fikiria Libellulidae na jamaa zake. (Gomphidae hujitambulisha mapema: papasi zao, vile vipembe vya kichwani, zina vipande 4, wengine wengi wana 7.) Ndani ya kijiko kuna safu za vinywele. Zihesabu kulia na kushoto peke yake, chini ya hadubini, na palipokatika unywele hesabu kitundu chake. Pande mbili kutolingana kwa kimoja au viwili ni jambo la kawaida, kwa hiyo maelezo ya spishi yaandike kama kiwango, yakitokana na lava kadhaa, si mmoja.

Miiba ya tumbo ndiyo huwaponza wengi. Katika kereng'ende aitwaye Leucorrhinia dubia, lava wanaokua pamoja na samaki huota miiba mirefu kuliko wa spishi hiyohiyo wasio na samaki. Itumie miiba, lakini usiiachie uamuzi peke yake. Eleza urefu wake kwa kuulinganisha na pingili inayobeba mwiba, ukihesabu kutoka ya 10, iliyo ya mwisho. Urefu wa mwili mzima nao hauaminiki, kwani pingili huingiana na kutanuka, hasa kwenye ganda. Upana wa kichwa ndio kipimo thabiti.

Kama bado unasita, mfuge. Kila lava na chombo chake, maana hulana. Mpe viluwiluwi vya mbu na kijiti kinachotokeza juu ya maji apandie. Akishatoka, usiharakishe kumhifadhi: mpya huwa amepauka, na rangi unazozihitaji huja baadaye. Mdudu na ganda lake vipewe namba moja siku hiyohiyo, la sivyo kazi yote imepotea.

Wapo wasiokubali kutambulika hata hivyo. Lava wa kereng'ende wembamba Coenagrion puella na Coenagrion pulchellum hawatenganishiki kwa uhakika kwa macho, na hata kipande cha DNA kinachotumika sana kutambua spishi huweza kufanana kwao. Ganda lisilo na mdudu wake hapo liandikwe "Coenagrion" tu.