Ukishahesabu mizani, soma shairi

Mwanafunzi akipewa shairi, mara nyingi huanza kwa kuhesabu. Beti 5, mishororo 4 kila ubeti, mizani 16 kila mshororo. Kisha anaweka kalamu chini. Amepima kanzu, hajamtazama aliyeivaa.

Tuchukue mishororo hii miwili, niliyoitunga kwa ajili ya somo hili:

Moyo umekuwa jiko, mkaa wake ni wivu,
Wawaka kila niliko, umeniacha majivu.

Kila mshororo una vipande viwili: cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Kila kipande kina mizani 8. Mizani ni silabi za kutamkwa, na hapo ndipo wengi hupotea. "Mkaa" ina mizani 3 kwa kuwa ile m inasimama peke yake. "Mwanga" ina 2 tu. Ukiwa na shaka, tamka polepole huku ukigonga meza. Vina, yaani silabi za mwisho wa vipande zinazofanana, ni "ko" katikati na "vu" mwishoni.

Hilo ni umbo. Sasa uliza: kwa nini jiko? Ningesema moyo ni kama jiko, ingekuwa tashbihi. Nimesema umekuwa jiko, nayo ni sitiari. Wala haikomei hapo: jiko limezaa mkaa, mkaa ukawaka, kuwaka kukaleta majivu. Tazama tena vina. "Wivu" ndio chanzo, "majivu" ndiyo tokeo, na kina kimoja kimevifunga pamoja. Kina kinachofanya kazi hiyo si pambo, na uhakiki unaotaja "vina vya mwisho ni vu" bila kuliona hili umeacha nyama sahanini.

Uhuru wa mshairi nao una majina yake. Kufupisha neno, "kunambia" badala ya "kuniambia", ni inkisari. Kulirefusha, "afiya" badala ya "afya", ni mazida. Tabdila hubadili sauti bila kugusa hesabu, kama "mayae" kwa "mayai". Kupindua mpangilio, "yangu nyumba", ni kuboronga sarufi, jina ambalo binafsi naliona kali mno. Lakini tahadhari: "nti" kwa "nchi" si tabdila. Ni Kiswahili cha Lamu na Mombasa, na mshairi wa huko hakupinda kitu.

Na shairi lisilo na vina? Mwaka 1954 mshairi Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za utunzi zilizoshikilia vina na mizani. Miaka 20 baadaye mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na mabishano yakapamba moto. Katika shairi huru huna cha kuhesabu. Utafuata takriri, yaani neno linalorudiwarudiwa, utafuata taswira, na utaangalia mstari umekatwa wapi: neno lililoachwa peke yake kwenye mstari halikuachwa pale kwa bahati mbaya.