Chaji ikifungiwa ndani ya chuma, nje inajulikana

Nimekutana nayo tena, safari hii kwenye maelezo ya mtu anayefundisha: ukiweka chaji ndani ya kopo la chuma lililofungwa, eti nje hakuna kitakachoihisi. Si kweli. Chaji iliyo nje haihisiwi ndani ya uwazi wa kopo, hilo sawa. Lakini kinyume chake hakifuati, na sielewi kwa nini watu wanaendelea kukigeuza hivyo bila kukipima.

Hoja yenyewe ni fupi. Mambo yakishatulia, uga wa umeme, yaani nguvu ambayo chaji hueneza kuizunguka, ni sifuri ndani ya unene wa chuma. Usingekuwa sifuri, elektroni zingekuwa bado zinakimbia. Chora uso wa Gauss, yaani uso wa kufikirika uliofungwa, humo ndani ya unene: uga juu yake ukiwa sifuri, jumla ya chaji iliyozungukwa lazima iwe sifuri. Kwa hiyo +q iliyo kwenye uwazi inaulazimisha ukuta wa ndani kubeba −q. Kopo halikuwa na chaji, basi +q nyingine inabaki, nayo haina pa kwenda ila uso wa nje. Uga wake uko huko nje, na hakuna wa kuuzima.

Michael Faraday alilionyesha hili mwaka 1843 kwa ndoo ya barafu, na jaribio lake bado ni zuri kuliko maneno yangu. Unganisha elektroskopu, kifaa ambacho majani yake ya metali hufunguka yakipata chaji, na uso wa nje wa ndoo ya chuma iliyokaa juu ya kihami, kitu kisichopitisha umeme. Ning'iniza tufe la metali lenye chaji +q kwa uzi wa hariri, ulishushe hadi chini ndani ya ndoo bila kugusa. Majani ya elektroskopu yanafunguka. Sasa lisogeze tufe kushoto, kulia, karibu kabisa na ukuta. Majani hayatikisiki. Ndani kuna pilikapilika, −q inarundikana upande uliosogelewa, lakini uso wa nje hauna habari. Kiasi cha chaji kinajulikana nje. Mahali ilipo hapajulikani. Kama chombo ni ganda la mviringo lililofungwa, anayepima nje atapata uga uleule wa chaji iliyokaa kitovuni, hata kama imebanwa pembeni. Gusisha tufe na ukuta: majani bado yametulia, na tufe linatoka bila chaji. Maana yake −q ya ukutani ilikuwa sawasawa na chaji ya tufe.

Anza upya, tufe likiwa na chaji yake na halijagusa ukuta. Unganisha ndoo na ardhi tufe likiwa ndani, na majani yanaanguka. Wengi huishia hapo, wakidhani chaji yote imekwenda. Iliyokwenda ni ya nje tu. −q ya ukuta wa ndani imebaki, imeshikiliwa na +q ya tufe. Kata waya wa ardhi kwanza, kisha litoe tufe. Majani yanafunguka tena, safari hii kwa chaji hasi.

Kinachoniudhi zaidi ni picha ya uga unaogonga chuma na kurudi. Haugongi kitu. Uga wa chaji ya nje unafika ndani ya uwazi kama kawaida, na uga wa chaji zilizojipanga upya usoni unafika pia, ukiwa kinyume chake kamili. Ukamilifu huo, kwa umbo lolote lile, unatokana na kipeo cha 2 katika sheria ya Coulomb, inayosema kwamba nguvu kati ya chaji hupungua kwa mraba wa umbali. Ndiyo maana Henry Cavendish aliweza kukipima kipeo hicho kwa maganda ya metali mwaka 1773, na Williams, Faller na Hill mwaka 1971 wakakithibitisha hadi takriban tarakimu ya 15 baada ya nukta.

Kuna jambo vitabu hulipita haraka: nyavu za waya zinazotumika badala ya ukuta mzima wa chuma. Mwanafizikia Richard Feynman alifundisha kwamba uga hufifia upesi mno, kwa uwiano uleule kila hatua, kadiri unavyoachana na nyaya. Mwaka 2015 wanahisabati Chapman, Hewett na Trefethen walionyesha kwamba nyaya nyembamba zenye volteji moja zinakinga vibaya kuliko hivyo, na unene wa waya una uzito mkubwa. Kwa hiyo nikiulizwa matundu yawe madogo kiasi gani, sitoi kanuni ya mkato. Nauliza kwanza waya una unene gani.