Je, wajua kuna ua linalohesabu saa kama Mswahili?

Kule Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kuna roshani ambayo mtu akitoka kununua mahamri asubuhi lazima ainue macho. Imejaa maua ya buluu yenye umbo la tarumbeta, kila moja na mdomo mpana kama wa kikombe cha chai. Pita tena saa saba mchana: hukuti hata moja. Yote yamejikunja, yamenywea kama karatasi iliyorowa. Mwenye mmea ni shangazi yangu, na watoto wa madrasa wameshamchosha kwa swali moja: "Shangazi, nani huyachuma?"

Hakuna ayachumaye. Mmea huo unaotambaa ni ndugu wa kiazi kitamu. Anayejua ua la matembele atautambua mara moja. Ndugu mwingine yuko ufuoni Nyali na Bamburi, yule mwenye maua ya zambarau anayefunika mchanga, na jani lililogawika kama ukwato wa mbuzi. Wote ni jamii ya Ipomoea. Huu wa roshani ni Ipomoea tricolor, na kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati.

Sasa habari ya saa. Wajapani wana jamaa yake wanayemwita asagao, yaani uso wa asubuhi, na wamemchunguza sana. Waliona kwamba tumba halingoji jua lichomoze. Huanza kuhesabu giza linapoingia, na baada ya kama saa kumi hufunguka. Haya, piga hesabu ya hapa kwetu. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa jioni. Ongeza saa kumi: unafika saa kumi na kitu alfajiri, adhana ikikaribia. Yaani ua hili huanza siku yake magharibi, vile vile kama sisi tusemavyo saa moja tukiwa na maana ya saa moja tangu jua lizame. Mzungu anayeanzia usiku wa manane halimhusu.

Kusinyaa nako kuna fundi wake. Ua lina mishipa mitano iliyolishika kama vyuma vya mwavuli. Muda ukifika, seli za upande wa ndani wa mishipa hiyo hupoteza maji, mishipa hujiviringa kwa ndani na kuvuta ua zima. Kinachoharakisha ni ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Rangi pia huchezacheza: tumba huwa na wekundu wa zambarau, kisha maji yaliyomo ndani ya seli hupungua uchachu, kipimo chake kiitwacho pH kikipanda kutoka 6.6 hadi 7.7, na ua likawa buluu. Ni mchezo wa litimasi wa darasani, ile karatasi inayobadilika rangi kufuata uchachu, ila huu hauhitaji maabara.

Ukitaka wako, ngoja mvua za vuli au masika zianze. Mbegu ina ganda gumu, kwa hiyo isugue kidogo kwa msasa upande mmoja na uiloweke usiku kucha. Ifukie sentimita moja hivi, pale pale itakapokaa, maana mizizi yake haipendi kuhamishwa; debe lililotobolewa chini latosha. Kwa kama wiki moja utaona majani mawili ya kwanza, yamechanika katikati kama mkia wa mbayuwayu. Funga kamba ya katani kutoka debeni hadi juu. Ukiutazama kutoka juu, mmea huzunguka kinyume na mshale wa saa. Usijaribu kuuzungusha upande mwingine, utajifungua tu.

Upe jua la kutosha, na samadi kidogo sana. Shangazi mwaka wa kwanza aliujaza mbolea ya kuku, akapata majani ya kufunika nyumba na maua ya kuhesabu kwa vidole. Jambo jingine ambalo wengi hawalidhanii ni taa ya usalama inayowaka usiku kucha. Asagao huhitaji giza refu ili atoe maua, na akimulikwa katikati ya usiku hesabu yake huvurugika. Mbegu nazo zina sumu, basi ziweke mbali na watoto, na vunja vikonyo vilivyokauka kabla mmea haujajipanda kwa jirani.

Na ukitaka kuhakikisha habari ya saa, chagua tumba la kesho, lile refu lililosokotwa, ulifunike kwa ndoo nyeusi saa kumi alasiri. Huenda likawatangulia wenzake kufunguka. Kuamka saa nane usiku kwenda kulichungulia, hiyo nakuachia wewe.