Kabla ya kuulizia bei ya vigae, pimeni maji yanayopotea

"Mwanangu, vigae vya bluu mita moja ya mraba ni shilingi ngapi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Tulikuwa tumesimama kando ya bwawa la kuogelea la jamii, hapa Mwanza, upande wa ziwani. Rangi imebanduka, ngazi za chuma zimeliwa na kutu, na bustani inayolizunguka imebaki na mabenchi mawili yanayokalika. Sikumtajia bei. Nilimwomba ndoo.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kwenye bwawa la zamani nina msimamo mmoja: bajeti huanzia chini ya sakafu, kule kusikoonekana. Rangi na vigae huja mwisho. Kamati nyingi hufanya kinyume chake, kwa sababu mchango huombwa kwa picha, na hakuna anayepiga picha bomba lililofukiwa.

Ndoo inatumika hivi. Ijaze maji ya bwawa, uiweke kwenye kidato kilicho ndani ya maji, mdomo wake ukiwa juu. Weka alama ya kimo cha maji ndani ya ndoo, na nyingine kwenye ukuta wa bwawa. Zima pampu, asiogelee mtu, subiri saa 24. Maji ya ndoo yatapungua kwa jua na upepo tu. Ya bwawa yatapungua kwa jua, upepo na uvujaji. Siku inayofuata rudia pampu ikiwa inafanya kazi. Upotevu ukiongezeka, shuku mabomba. Usipobadilika, shuku zaidi sakafu na kuta.

Chukua bwawa la mita 25 kwa 12, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu. Linabeba lita 450,000. Ndoo ikishuka milimita 5 na bwawa likashuka milimita 30, tofauti ni milimita 25 tu, upana wa kidole gumba. Lakini kwenye eneo la mita za mraba 300, hizo ni lita 7,500 kwa siku. Ndani ya siku 60 limemwagika bwawa zima, pamoja na klorini yote mliyoilipia. Hakuna kigae kitakachorudisha fedha hiyo.

Kuna kosa nililifanya mapema katika kazi hii, na bado linaniuma. Niliweka kwenye ratiba kwamba bwawa fulani likaushwe mwezi wa Aprili ili mafundi waanze kugonga plasta. Masika ilikuwa imekolea, ardhi imeshiba. Bwawa lililojaa hukandamiza sakafu kwa uzito wake. Lililo tupu halina cha kuyazuia maji ya chini yanayosukuma kwenda juu. Sakafu ilipasuka katikati, na kazi ya plasta ikageuka kazi ya zege na nondo. Tangu siku hiyo, kwa bwawa lolote lililo jirani na ziwa, mstari wa kwanza kwenye mchanganuo wangu ni kuchimba shimo la majaribio pembeni, tuone maji ya ardhini yako kina gani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na waliojenga mwambaoni waliona maji yanavyoweza kutokea chini. Bwawa likaushwe kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Na kwa kuwa mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na zabuni nayo ina muda wake, upimaji ufanyike mapema kwa michango ya mtaa. Mkisubiri fedha ya serikali ndipo mpime, vuli itawakuta mkiwa na shimo wazi.

Sasa hesabu ambayo huwa inazima vigelegele mkutanoni. Tuseme mmepata milioni 180. Toeni VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani yake, inabaki kama milioni 152 na nusu. Kwa kazi ya zamani iliyofukiwa mimi huongeza juu ya gharama ya kazi asilimia 15 ya dharura, na sikubali ipunguzwe. Kazi yenyewe inabaki kama milioni 132, na hapo hamjamlipa msimamizi. Mkandarasi apewe mipaka ya 132. Akipewa ya 180, mtakwama kabla ya kujaza maji.

Bustani nitaisema kwa kifupi. Mji wetu ni wa miamba. Mvua ikinyesha mlimani maji hayazami, yanateremka kwa kasi na mchanga wake hadi bwawani. Kwa hiyo mtaro wa juu ya bustani utangulie mabenchi. Vyoo na taa vifuate. Miti ya kivuli msiikate, ila mabenchi msiyaweke chini ya ile wanayolala makorongo, mnajua kwa nini.

Halafu kuna gharama za kuliendesha. Pampu ya kilowati 5.5 ikifanya kazi saa 12 inakula uniti 66 kwa siku, karibu 2,000 kwa mwezi. Ongeza klorini, mlinzi, na mwokozi aliyefunzwa. Kama hakuna anayejua fedha hiyo itatoka wapi miezi saba baada ya ufunguzi, punguzeni ukarabati sasa na mtenge akiba.

Wapo wanaouliza bwawa la nini wakati ziwa liko hapo. Ziwa lina kichocho, na mtoto hafundishwi kuogelea kwenye maji ya kina asichokijua. Sisi ni mji uliozika watu wa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani mwaka 1996. Nataka watoto wa hapa wajue kuelea, na kwa hilo nitapigania kila shilingi ya bomba lisiloonekana.

Leo, Jumamosi asubuhi, mama mwenyekiti amenipigia. Ndoo imeshuka milimita 4, bwawa milimita 19. Ameandika kwenye daftari, na leo usiku pampu inawashwa kwa kipimo cha pili.